WIKI MOJA YA BINTI YETU ALIYEKO MASOMONI NG'AMBO

(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

Katibu amekwisha soma historia ya kikundi, na mweka hazina amesoma mahesabu, kwa hiyo mimi sitarudia. Nimeona nizungumzie jambo moja ambalo linasemwasemwa pembeni. Jambo la pembeni likikaa sana huvunja kikundi, basi leo tuliseme hadharani.

Kama mnavyofahamu, binti wa mwanachama mwenzetu alimaliza shahada ya kwanza pale Sokoine, akapata udhamini wa kusoma shahada ya pili Norwe. Udhamini ule ni mkubwa, maana tangu mwaka 2023 vyuo vya serikali vya kule vinawatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Zamani walikuwa hawatozi. Lakini pasipoti ya shilingi 150,000, safari za Dar es Salaam kufuatilia karatasi, na nguo za baridi, vyote vilikuwa juu yake. Mama yake akakopa katika sanduku letu na kundi lake la watu watano likamdhamini.

Sasa nasikia watu wanasema, "Yule mtoto yuko Ulaya, mbona hatuoni kitu?" Wengine wanamwendea mama yake wakitaka mkopo wa pembeni, ati mwanawe anapokea pesa za kigeni. Jamani, kabla hatujasema zaidi, hebu tujue mtoto huyu anaishije. Nimepata ruhusa ya mama yake na yake mwenyewe niwaeleze wiki yake moja, mwanzoni mwa Desemba.

Chuo chake kiko mji mdogo unaoitwa Ås, kusini ya Oslo. Kilianza mwaka 1859 kikiwa shule ya kilimo. Si wageni kwetu watu wale. Mbuzi wa maziwa tunaowakamua hapa Mgeta asili yao ni Norwe, waliletwa na Sokoine miaka ya 1980. Kwa hiyo mbuzi wao walitangulia kuja kwetu, na sisi tumepeleka mtoto.

Jumatatu binti anaamka saa kumi na mbili asubuhi, wakati huku kwetu ni saa mbili na tumekwisha shika jembe. Nje ni giza. Mwezi huo jua linachomoza kama saa tatu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limekwisha zama. Sisi tunaojifunika mablanketi mawili mwezi wa Julai tunajiona tunajua baridi. Yeye anatembea kwenye theluji.

Jumatatu na Jumanne anasikiliza mihadhara, halafu anaingia maabara kupima udongo. Anajifunza namna udongo wa milimani unavyochukuliwa na maji na namna ya kuuzuia. Hilo ni jambo letu sisi tunaolima kwenye matuta, na ni jambo la watu wa Dar es Salaam pia, maana Mto Ruvu wanaokunywa unaanzia milima hii ya Uluguru. Jumatano ana kazi ya pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine. Alhamisi yuko maktaba mpaka usiku. Masomo peke yake kule yanahesabiwa kama saa 40 kwa wiki, sawa na kazi ya mwajiriwa.

Ijumaa jioni na Jumamosi anasafisha ofisi. Ndiyo, mwenye shahada yake anapiga deki! Sheria ya Norwe inamruhusu mwanafunzi kutoka nchi kama yetu kufanya kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akizidisha anaweza kupoteza kibali cha kukaa. Kile kibarua ndicho kinachonunua sabuni, nauli ya treni na viatu vya theluji.

Jumapili anakwenda kanisani, anafua, anapika chakula cha wiki nzima na kukigawa katika vikopo. Halafu anampigia mama yake, ambaye hupanda kilimani kufuata mtandao. Wiki hiyo alilia. Akasema, "Shikamoo mama. Mama, huku saa tisa na robo ni usiku, nataka kurudi." Mama akamjibu, "Marahaba mwanangu. Taa si zipo? Washa taa usome." Basi akawasha taa, na mtihani akafaulu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika wiki hiyohiyo ya mtihani alipata ujumbe 14 kwenye simu kutoka huku nyumbani. Huyu anataka simu, huyu viatu, huyu mtaji wa duka. Hakuna hata mmoja uliouliza, "Umekula?" Walioandika baadhi yao wamekaa humu ndani. Siwataji, mnajijua.

Akina mama, karoti tunazipanda na baada ya miezi mitatu au minne tunang'oa. Msambia unaweza kungoja miaka minne na bado unautazama. Mtoto wa shule ni msambia. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma biolojia katika chuo cha masista huko Kansas, akamaliza mwaka 1964, kisha akasoma tena Pittsburgh. Kazi yake ya kupanda miti na akina mama wa vijijini aliianza mwaka 1977, na tuzo ya Nobel akaipata mwaka 2004. Baba wa Taifa naye alisoma Edinburgh mwaka 1949 hadi 1952, na aliporudi alifundisha Pugu. Hakurudi na sanduku la zawadi. Alirudi na alichojifunza, na Uhuru tukaupata mwaka 1961.

Huyu wa kwetu simwahidii makubwa hayo. Akirudi akatuonyesha namna ya kuokoa matuta yetu, atakuwa amelipa. Kuhusu mkopo, deni ni la mama yake, na kitabu cha mweka hazina kinaonyesha kwamba hajakosa rejesho hata moja. Analipa kwa karoti na maziwa ya mbuzi. Hamdaiwi kitu na mtoto, na mama naye anawalipa kama mwanachama mwingine yeyote.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Huyu mama zake ni wengi, na wako hapa. Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili, tuyapigie kura kikao kijacho. La kwanza, mfuko wa elimu uendelee, kila mwanachama shilingi mia tano kila kikao, kama tulivyoanza. Wapo waliotaka tuufunge kwa sababu "hauleti faida". Mimi nasema tusiufunge, kwani wapo mabinti wanne sekondari wanaoutazama. La pili, tuwekeane ahadi kwamba hakuna atakayemwomba mwanafunzi fedha mpaka amalize. Anayetaka kumwandikia, amwulize hali na amwombee.

Haba na haba hujaza kibaba. Sanduku letu lilijaa kwa mia tano mia tano, na mtoto naye anajaa kwa siku moja moja za namna hii niliyowaeleza.

Umoja ni nguvu!