Usimtoroke Mtoto Getini

(Maneno ya walimu wa nasari kwa wazazi baada ya ibada, kabla ya shule kufunguliwa Januari)

Asanteni kwa kubaki. Tunajua jua ni kali na wengine hamjanywa chai, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Wiki ijayo tutapokea watoto wa miaka minne, lile darasa ambalo siku hizi laitwa PP1. Mmeshanunua yunifomu, wengine kwa kuuza kuku, na viatu mmechukua vikubwa kidogo ili vifike mwaka ujao. Hiyo ni sawa. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya zile dakika chache za pale getini.

Kwanza tuungame. Kwa miaka mingi ni sisi walimu tuliokuwa tukiwaambia, "Mama, toroka tu akiwa anaangalia bembea, atanyamaza." Na kweli, wengi walinyamaza. Tukadhani tumefaulu.

Halafu mwaka mmoja tukaletewa msichana mdogo, mtulivu sana. Mama yake alimwambia, "Ngoja hapa, naenda kukununulia mandazi, nakuja sasa hivi." Akaenda zake shambani. Mtoto hakulia hata kidogo. Alisimama ameshika waya wa geti. Wenzake wakaimba, wakacheza, yeye hakuja. Tulipompelekea uji alikataa, akasema anangoja mandazi. Saa nne, saa tano, bado anangoja. Mwishowe alijikojolea palepale, kwa sababu aliogopa kwamba akienda chooni mama atarudi asimkute. Mama alifika saa sita, mikono mitupu, maana habari ya mandazi alikuwa ameisahau kabisa. Mtoto hakumkimbilia. Alimtazama tu.

Kesho yake alishikilia leso ya mama hata tukashindwa kuzifungua zile vidole. Sisi tukasema ni ukaidi. Lakini wacha tuseme ukweli, wazazi, angemwaminije tena? Karibu muhula mzima ulipita kabla mtoto huyo hajakaa kwenye benchi bila kutazama geti. Na ushauri ulikuwa umetoka kwetu.

Sasa tumebadilika. Tunawaomba mumwambie mtoto ukweli, usiku wa kuamkia shule na tena pale getini: "Nakuacha na mwalimu. Utakunywa uji, utacheza, halafu nitakuja kukuchukua." Usimwambie saa sita, hajui saa. Mwambie baada ya uji na baada ya kucheza. Atalia, ndiyo. Mwache alie, mpe mkono mwalimu, uende. Mara nyingi huwa amenyamaza kabla mama hajafika barabarani, na ni mama anayeendelea kulia. Tunawaona mkichungulia nyuma ya ule mti! Tafadhali msirudirudi, maana akikuona tena tunaanza upya.

Na wakati wa kumchukua ukifika, uwe umefika. Kama ni nyanya au kaka mkubwa atakayekuja, mtaje kwa jina asubuhi. Hana, mama yake Samweli, alimwacha mtoto mdogo kwa Eli kule Shilo, lakini kila mwaka alirudi na kanzu aliyomshonea mwenyewe. Hebu fikirini: ilibidi akisie mtoto amekua kiasi gani.

Mama mmoja alituuliza, "Mimi ni mtu wa kibarua, saa moja lazima niwe kazini, hizo dakika za kuagana nitazitoa wapi?" Ni swali la haki. Kwa ajili ya wazazi kama huyo, wiki ya kwanza mmoja wetu atakuwa getini kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Ukimleta mapema, muage kwa maneno mawili, yatosha. Ila usimwache na mlinzi.

Akina baba, nanyi mna lenu. Acheni kutumia jina la mwalimu kama kiboko. "Ngoja uende shule, utanyooshwa huko!" Kisha tunaletewa mtoto anayetetemeka akituona tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi, na hapa kwetu kiboko hakuna. Wengi wetu tulisomeshwa kwa fimbo, na kuacha hakukuwa rahisi, lakini tumeacha.

Jambo lingine ni choo. Watoto wengi huogopa choo cha shimo wasichokizoea, wakidhani watatumbukia, basi hujibana mpaka waende nyumbani. Mwoneshe kabla ya siku yenyewe. Na utuambie neno analotumia nyumbani akitaka kwenda haja. Kuna mmoja aliomba maji kwa lugha ya kwao, tukampeleka chooni mara tatu, maskini.

Ijumaa hii geti litakuwa wazi kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Njooni na watoto waone darasa, bembea na hicho choo. Jumatatu kila mtoto aje na kikombe chenye jina lake. Na mzazi atakayeahidi mandazi, aje nayo.