Hotuba juu ya Kuogesha Watoto Wadogo na Kuwazoeza Choo



Halmashauri ilipotutaka tuseme nanyi jioni hii hapa Tunduma, wengi walidhani tutasema juu ya mishahara au nyumba za watumishi. Mambo hayo yana wasemaji wake. Sisi twataka kusema juu ya karai la kuogea na choo cha mtoto wa miaka miwili au mitatu, na twajua ya kuwa baadhi yenu mtacheka. Chekeni, kisha msikilize, maana nyumbani mwetu aliyecheka kwanza tulikuwa sisi, na aliyelipa ni mtoto.

Tulipohamishiwa mji huu tulipanga vyumba viwili katika ua wenye nyumba nne na choo kimoja. Hali ya Tunduma mwaijua: malori yamepanga foleni mpakani, wapangaji ni wengi, na maji tulikuwa tukiyanunua kwa madumu. Mtoto wetu wa kiume alikuwa hajatimiza miaka mitatu, naye alikwisha zoea kusema anapotaka kwenda haja. Ghafula akaacha. Akawa akijificha nyuma ya jiko, amekaza miguu, uso umemwiva, nasi tukasema ni ukaidi. Tukampiga, wala si mara moja. Siku ya tano akaanza kuchafua nguo kwa uchafu mwepesi kama maji. Tukadhani tumbo linamwendesha, tukampa dawa ya kuzuia kuhara tuliyoinunua dukani bila ya kumwuliza mtu.

Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo, akatuuliza ni siku ngapi tangu apate choo kamili. Hatukujua. Sisi tunaojua tarehe ya kila barua iliyoingia ofisini na ya kila iliyotoka, tuliulizwa khabari ya tumbo la mtoto wetu tukanyamaza! Akatueleza kuwa mtoto akijizuia, choo hukauka na kuwa kigumu, utumbo hutanuka, na kile chepesi kilicho nyuma hupenya kando kikatoka chenyewe, wala mtoto hana habari. Dawa tuliyompa ilikuwa ikimzidishia taabu. Kisha akauliza neno ambalo hatukulitazamia: tundu la choo chenu lina upana gani?

Tulirudi tukalipima. Inchi 12. Tukapiga magoti mlangoni tukatazama kwa kimo chake: giza, harufu, nzi, na shimo ambalo angeweza kutumbukia mzima. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na akili kuliko baba yake.

Tiba yake haikuwa ngumu, ila ilikuwa ndefu. Alipewa dawa ya kulainisha choo, maji ya kunywa mengi, na mapapai na parachichi. Tulimnunulia poti ya plastiki, tukamkalisha kila asubuhi baada ya uji, dakika chache tu, miguu imekanyaga chini, maana tumbo likipata chakula utumbo huamka. Fimbo tuliitupa. Walakini zilipita wiki nyingi kabla ya kutuamini tena, na hilo ndilo linalotuuma hata leo.

Mama yetu mzazi alipofika kutoka Ileje aliitazama ile poti akacheka sana. Akamwita mdogo wake, mtoto mchanga wa miezi michache, akaketi mkekani, akanyosha miguu, akamweka juu ya miundi yake uso ukimwelekea yeye, akamnong'oneza kwa sauti ya maji yatiririkayo. Mtoto akakojoa papo hapo. Tukaona aibu, maana tulikuwa tumeidharau desturi hii kama ya kizamani. Mwaka 1977 Marten deVries na Rachel deVries walichapisha katika jarida la waganga wa watoto la Marekani khabari za Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao akina mama wao huanza kazi hii mtoto akiwa na wiki chache tu, kwa ishara na kumbembeleza, na kwa miezi mitano au sita wengi huwa wameelewana naye. Siri yao si haraka. Ni kuwa mama yu karibu na mtoto mchana kutwa, aijua dalili yake. Mtumishi aondokaye saa moja asubuhi akarudi jioni hawezi kudai matunda hayo, naye asimlaumu yaya.

Na juu ya kukojoa kitandani usiku: mtoto wa miaka minne, hata mitano, akifanya hivyo si mvivu wala si mgonjwa. Kumwimbia nyimbo za kikojozi mbele ya wenzake ni ukatili mtupu.

Sasa neno ambalo litawaudhi baadhi. Wengi wetu twaamini kuwa kinyesi cha mtoto mdogo hakina dhara, kwa kuwa hali vyakula vya wakubwa. Hutupwa nyuma ya jiko, au hufungwa ndani ya nepi za kutupa zikaachwa mtaroni. Si kweli. Watoto ndio wanaougua kuhara mara nyingi zaidi, basi uchafu wao hubeba vijidudu kuliko wa mtu mzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilichimbisha vyoo vingi nchini. Lakini choo kinachotumiwa na wakubwa tu, huku cha mtoto kikitupwa uani, ni nusu ya choo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoa mingi hakikuuliza uchafu ule ni wa nani. Kimwageni shimoni, na aliyemtawaza mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kushika mwiko.

Khabari ya kuogesha tutaipita upesi. Tieni maji baridi kwanza, kisha ya moto, mpime kwa kiwiko, maana mtoto hujitumbukiza mwenyewe kabla hamjageuka. Huku kwetu, na baridi ya Juni na Julai, birika la maji yachemkayo halikosi kuwa karibu na karai, na hapo ndipo watoto huungua. Msimwache hata akiita mtu mlangoni. Maji ya kina cha kiganja yatosha kumzamisha. Uso uoshwe kwanza kwa maji safi ya kopo, kwa ajili ya macho. Maji yaliyobaki yafaa kusugulia choo. Dumu lina bei.

Mtauliza kazi hii ni ya nani. Kwetu sisi, kuogesha kwa jioni ni kwetu tangu mwaka ule, na mke wetu hupata nafasi ya kuketi.

Tumeagiza kwa seremala ubao wa kufunika tundu, wenye tundu dogo la inchi 5 katikati na mkono wa kushikia. Mmoja uko hapa mezani. Seremala mwenyewe ameketi karibu na mlango. Bei mwulizeni yeye.