Kuchagua Msumeno wa Kukatia Bodi ya Gitaa la Umeme

Mada kwa semina ya mafundi seremala na wanamuziki, Kiruruma



Nimeombwa nizungumzie misumeno. Naomba nianze na mbao, maana huwezi kuchagua msumeno kabla hujajua utakata nini.

Gitaa la umeme halihitaji sanduku la sauti kama gitaa kavu. Pikapu iliyo chini ya nyuzi ndiyo inayonasa mtetemo, kwa hiyo bodi ni ubao mnene tu, kwa kawaida wa milimita 44 au 45. Hapo tuna bahati: ubao wetu wa inchi mbili kwa nane, ukipigwa randa pande zote mbili, hubaki karibu na unene huohuo. Unganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu kwa gundi na utapata upana wa karibu sentimita 40, wakati bodi nyingi hazizidi sana 33. Ubao wa futi 12 unatoa bodi tatu, na kipande kinabaki cha kujaribia. Mgrevilia tunao kila shamba, katikati ya kahawa na migomba, na ukikauka vizuri unakatika bila ugomvi, ingawa vumbi lake huwawasha ngozi baadhi ya watu. Msizi ni mwepesi zaidi, na mpigaji anayesimama ibada nzima atakushukuru kwa hilo.

Sasa msumeno. Wengi huuliza kwanza kuhusu kasi: mashine ipi inamaliza haraka? Mimi nauliza kona iliyobana kuliko zote iko wapi. Kwenye gitaa iko chini ya pembe, ile ncha ya bodi iliyo kando ya shingo, pale mkono wa kushoto unapoingia kufikia sauti za juu. Sehemu nyingine zote za mzunguko ni mipindo mipana ambayo karibu msumeno wowote mwembamba utaimudu. Kona hiyo moja ndiyo inayoamua ununue nini.

Chukueni bendso, mashine ambayo kila fundi anaitamani. Bledi yenye upana wa milimita 13 haiwezi kuzunguka mpindo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 60 hivi. Ukiilazimisha inajikunja, inaunguza mbao, mwisho inakatika. Bledi ya milimita 6 inafika kwenye milimita 16 au 17, na hiyo inatosha magitaa mengi. Kwa hiyo ukipeleka ubao wako kwenye karakana ya mjini, usiridhike kusikia kwamba wana bendso. Uliza bledi iliyofungwa ina upana gani. Karakana nyingi hufunga bledi pana kwa ajili ya kupasulia, na hawatapenda kuibadilisha kwa sababu ya kijana mmoja mwenye ubao mmoja. Kuinunua mashine yenyewe kwa ajili ya magitaa peke yake, kwangu mimi, ni kupoteza mtaji.

Jigso ni rahisi kupatikana, na ndiyo inayowadanganya wengi. Bledi yake imeshikwa upande wa juu tu. Kwenye plaiwudi nyembamba hilo halina madhara, lakini ndani ya milimita 45 za mbao ngumu ncha ya chini huachia mstari na kukimbilia nje au ndani, hasa kwenye mpindo. Juu utaona umekata vizuri kabisa. Geuza ubao uone chini. Dawa ni kuchagua bledi ndefu na nyembamba yenye meno machache, sita hadi kumi kwa inchi, kuzima ule mwendo wa kubembea wa bledi, kutoisukuma mashine, na kukata nje ya mstari kwa milimita tatu hivi. Zinazobaki ziondoe kwa tupa ya mbao, patasi na msasa, au kwa ruta inayofuata kiolezo kama unayo.

Tena kuna njia ya kuinyang'anya kona ugumu wake kabla msumeno haujafika. Ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, wa kutobolea mlango ili kuweka kitasa, mara nyingi una kipenyo cha milimita 54. Nusu yake ni 27, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kona nyingi za gitaa. Toboa kutoka juu hadi karibu nusu ya unene, geuza ubao, fuata tundu la keekee ya katikati, umalizie upande wa pili. Baada ya hapo kilichobaki ni kuunganisha duara na ukingo kwa mikato miwili ambayo hata msumeno wa kawaida wa mkono unaiweza.

Umeme ukikatika mchana kutwa, mnalo jibu jingine: msumeno wa fremu ya mbao, wenye bledi nyembamba inayokazwa kwa kamba iliyosokotwa na kijiti. Fundi anaweza kuutengeneza mwenyewe kwa kipande cha bledi ya bendso iliyokatika. Bledi hugeuzwa ndani ya fremu, na kwa sababu imeshikwa ncha zote mbili, haikimbii chini kama ya jigso. Ningekuwa na fedha ya kifaa kimoja tu, huu ndio ningeanza nao.

Wanaodhani zana za mkono hazitoshi wamkumbuke Brian May, mpigaji gitaa wa kundi la Queen, aliyesimama jukwaani miaka mingi na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Gitaa lake alilitengeneza nyumbani na baba yake kuanzia 1963, kwa zana za mkono, shingo ikitokana na mbao ya mahali pa moto pa zamani. Na hapa Karagwe, mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 alikuta nanga zikipigwa, ala inayochongwa kutoka gogo moja. Kuchonga mpindo hadi ukae sawa ni kazi ambayo eneo hili linaijua tangu zamani. Msumeno unatakiwa kuondoa mbao isiyohitajika tu.

Mchana tutakuwa na vitendo. Kila meza itapewa kipande cha mgrevilia chenye kona moja iliyochorwa, ikatwe mara moja kwa jigso na mara moja kwa fremu, kisha tupime kwa gunia, kile kipimo cha fundi cha pembe mraba, pande zote mbili, juu na chini, kabla mtu yeyote hajaenda dukani.