Kwenda Nyumbani Siku ya Krismasi



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka, Desemba inapoingia, husemwa kwa siri tu baina ya mtu na mkewe, nalo ni gharama ya sikukuu. Watu wa mjini waijua habari hii vizuri. Watu wa mashambani huipata kwa upande wa pili, maana wao ndio wanaomngojea mgeni asiyekuja.

Mtu afanyaye kazi Nairobi, na kwao ni Kakamega au Kisii, huanza kuhesabu mapema. Nauli ya basi hupanda siku zile chache kabla ya Krismasi, naye hasafiri peke yake. Watoto wataka nguo mpya. Mama apelekewe sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na unga wa ngano wa chapati. Shangazi apate leso. Yuko na baba mdogo, wako watoto wa ndugu, na yuko jirani ajaye kusalimu huku macho yake yako kwenye mizigo. Mbuzi bado hajanunuliwa. Akimaliza hesabu huona fedha hazitoshi, na njia azionazo ni mbili tu: kukopa, au kubaki mjini na kupeleka habari kwamba kazi ni nyingi.

Mimi naona hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, ingawa watu hulalamika sana juu ya ile ya kwanza. Mama aliyekaa mwaka mzima bila kumwona mwanawe hakumngojea kwa ajili ya kilo mbili za sukari. Lakini tumeifanya zawadi kuwa kama kodi ya mlangoni, na asiyekuwa nayo huona haya kupiga hodi kwao. Wako watu waliopitisha Krismasi nne au tano kwa namna hiyo, na siku waliyokwenda nyumbani ikawa ni siku ya mazishi.

Na huo mkopo je? Siku hizi mtu hana haja ya kumwendea mkopeshaji. Simu yake yatosha. M-Shwari ilipoanza, mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa Sh. 10,000 alirudisha Sh. 10,750. Mtasema Sh. 750 si nyingi. Lakini fikirini zinatakiwa lini: ni Januari, shule zinapofunguliwa. Ni kweli karo iliondolewa katika shule za msingi za serikali mwaka 2003, walakini sare na viatu hununuliwa na mzazi, na mwenye mtoto katika sekondari ya bweni ajua mwezi huo ulivyo mrefu.

Tuwatazame kidogo ndugu zetu Waislamu. Kabla ya sala ya Idi ya kumaliza Ramadhani, mwenye nyumba aliye na uwezo hutoa zaka ya fitri kwa ajili ya kila mtu amlishaye, hata mtoto mchanga: pishi moja ya chakula cha mahali hapo, kama mchele. Pishi ni vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu. Tajiri hadaiwi pishi kubwa kuliko ya mwenzake, na chakula hicho huwaendea maskini ili nao wale siku hiyo. (Kweli, huko Mombasa nako wako wanaojifilisi kwa nguo za Idi.) Sisemi Wakristo waige ibada isiyo yao. Nasema kwamba kipimo kinachojulikana mapema humwondolea mtu haya.

Kwa hiyo yafaa kila ukoo ukubaliane tangu Novemba, na wazee ndio waanze, maana kijana hawezi kutangulia kusema kwamba hana kitu. Ndugu wanne wakichinja mbuzi mmoja watakula nyama vilevile. Tena zawadi haikuwa zamani ya upande mmoja: mama zetu hawarudishi kiondo kitupu, na aliyeleta majani ya chai huondoka na ndizi, viazi na mahindi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto wa mjini asiyejua majina ya mababu zake ana mengi ya kupewa huko ambayo hayauzwi dukani.

Basi mzee mwenye mwana mjini na ampigie simu kesho asubuhi. Amwambie siku ya kuja, amwambie kama mwaka huu ni mbuzi au ni kuku tu, na kwamba asilete kitu ila watoto. Amwambie hayo kabla nauli haijapanda.