Dizeli ya Kwenda na Dizeli ya Kurudi

Mazungumzo na wamiliki wa boti, manahodha na wavuvi wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu



Leo sikuja kuzungumzia faini wala leseni. Nimekuja kuzungumzia hesabu, hasa hesabu ya mafuta katika boti ya mpira yenye kitako kigumu na injini ya dizeli, chombo ambacho siku hizi hutumiwa na walinzi wa majini, waokoaji na wasafirishaji wa wageni katika maziwa mengi. Wenye boti za mbao na injini za petroli nao wasitoke, kwa maana kanuni ni ileile ingawa tarakimu hubadilika.

Ziwa Kivu lina urefu wa takriban kilomita 90, na mahali penye kina kirefu hufika karibu mita 480. Gari likiishiwa mafuta barabarani, dereva huliegesha pembeni akatafuta msaada. Boti ikiishiwa mafuta katikati ya ziwa haina pa kuegesha, na kamba ya nanga haifiki chini. Chombo huchukuliwa na upepo. Usiku kinaweza kuangukia nyavu za wavuvi wa sambaza, ama kuvuka mpaka wetu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mpaka unaopita majini bila ukuta wala uzio. Abiria nao wakishikwa na hofu husimama wote upande mmoja, na hapo kosa la lita chache hugeuka msiba.

Tuanze na msingi. Injini ya dizeli iliyo nzima huchoma takriban lita 0.2 kwa saa moja kwa kila nguvu moja ya farasi inayotumika. Nasisitiza neno hilo, inayotumika. Watu wengi husoma nambari iliyoandikwa juu ya injini, wakaizidisha, wakadhani wamemaliza kazi. Injini ya nguvu za farasi 200 ikifanyishwa kazi yote itakunywa karibu lita 40 kwa saa. Ikifanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake, inatoa nguvu 120, nayo itakunywa lita 24. Injini ya petroli ya uwezo huohuo hula zaidi. Kwa kila nguvu ya farasi huhitaji takriban thuluthi moja ya lita kwa saa, na za mtindo wa zamani huzidi hapo.

Hata hivyo, lita kwa saa si jibu kamili. Anayetaka kwenda Karongi na kurudi hahitaji kujua tu injini inakunywa kiasi gani kwa saa, bali anahitaji kujua inakunywa kiasi gani kwa kilomita. Jibu lake ni kugawanya lita za saa moja kwa kilomita za saa hiyo. Hapa ndipo boti ya aina hii inapowadanganya hata manahodha wazoefu.

Chukueni mfano wa boti ya mita saba hivi yenye injini niliyoitaja. Tarakimu hizi ni za kufundishia, na kila mmoja atazibadilisha kwa zile atakazopima mwenyewe. Ikitembea taratibu, kilomita 10 kwa saa, inapasua maji kama mtumbwi, nayo inaweza kutumia lita 3 kwa saa, yaani lita 0.3 kwa kilomita. Ikiongezwa mwendo hadi kilomita 20 kwa saa, pua huinuka, nyuma huzama, na boti huwa kama mtu anayepanda mlima akiwa na gunia mgongoni. Hapo itatumia karibu lita 18 kwa saa, yaani lita 0.9 kwa kilomita. Ikishavuka mlima huo hupanda juu ya maji na kuteleza. Kwa kilomita 40 kwa saa itatumia zile lita 24, sawa na lita 0.6 kwa kilomita. Kwa hiyo mwendo wa kati ndio wenye gharama kubwa kuliko yote kwa kila kilomita. Usikae hapo, ama teremka, ama panda.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Injini isiyo na tabochaja, yaani kile kifaa cha kusukuma hewa ndani yake, hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia hiyo. Majedwali yanayokuja na injini kwa kawaida huandikwa kwa hali ya hewa ya usawa wa bahari. Boti iliyofungwa rafadha, yaani propela, inayofaa Mombasa huenda ikashindwa kupanda juu ya maji hapa Gisenyi ikiwa na mzigo uleule. Itabaki kwenye mwendo wa mlima, ikitoa moshi mweusi na kumaliza mafuta. Kwa sababu hiyo msiliamini jedwali la kitabuni kabla hamjalipima ziwani.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo wa bei. Jaza tangi hadi alama unayoijua, boti ikiwa imetulia na imekaa sawa. Endesha kwa mwendo mmoja kwa nusu saa kuelekea upande mmoja, kisha urudi kwa mwendo uleule, ili upepo uliokuzuia ukusaidie. Jaza tena hadi alama ileile kwa chombo chenye vipimo, ukiandika lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa mwendo wa taratibu na kwa mwendo wa kuteleza. Kisha urudie ukiwa na mzigo kamili. Mkimaliza mtakuwa na jedwali la boti yenu wenyewe, ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kuwapa.

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Safari ya kwenda si kipimo cha safari ya kurudi. Tuseme boti yetu ya mfano inaitwa kuokoa watu kilomita 45 kutoka hapa. Inakwenda ikiwa na watu watatu, inateleza vizuri, inatumia lita 27. Nahodha aliyezidisha kwa mbili amepata 54, akaongeza kidogo kwa ajili ya moyo wake, akaondoka na lita 60. Huko anapakia watu kumi. Kwa wastani wa kilo 70 kwa mtu, hizo ni kilo 700, bila kuhesabu maji yaliyolowa nguoni. Boti haiwezi tena kupanda juu ya maji. Sasa inatumia lita 0.9 kwa kilomita, na yeye amebakiwa na lita 33. Zitamfikisha karibu kilomita 37. Kilomita 8 kabla ya Gisenyi, mwokoaji atakuwa naye anahitaji kuokolewa, akiwa na watu kumi waliokwisha kuzama mara moja.

Na hapo nimehesabu kana kwamba kila tone hufika kwenye injini. Katika matangi mengi lita za chini hazinyonyeki, ama hunyonyeka pamoja na maji na uchafu. Ondoeni lita hizo katika hesabu kabla hamjaanza.

Kanuni ya mabaharia ni nyepesi kukumbuka: thuluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, thuluthi moja ni ya kurudi, na thuluthi moja ni akiba. Katika mfano wetu nahodha angeondoka na lita 81. Angetumia 27 kwenda na takriban 41 kurudi na mzigo, akafika nyumbani na lita 13 hivi. Mnaona basi kwamba akiba ile si anasa. Na kama hali za waliookolewa zinaruhusu, mwendo wa taratibu ungemrudisha kwa mafuta machache sana, ingawa kwa zaidi ya saa nne. Hilo ni jambo la kuamuliwa na anayejua jedwali lake, si na anayebahatisha.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya abiria iliyotoka Minova ilizama karibu na gati ya Kituku mjini Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi wakapoteza maisha. Msiba ule uliwafika jirani zetu na ndugu zetu. Katika ajali ya namna hiyo kila chombo kilicho karibu huwa chombo cha uokozi, kiwe cha polisi, cha hoteli au cha mvuvi. Mtu anayetoka ufukweni na mafuta ya kwenda na kurudi tu ameshaamua, bila kujua, kwamba hataweza kumsaidia mwenziwe.

Kumbukeni pia upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu zaidi, na sisi tulio ncha ya kaskazini hupokea mawimbi yaliyosafiri umbali mrefu. Anayetoka hapa kwenda kusini anakabiliana nayo uso kwa uso, na mafuta ya kwenda yatazidi aliyoyakadiria katika maji matulivu.

Nimalizie na amani baina ya mwenye boti na nahodha wake. Hutokea mwajiri akasema, “Jana ulitumia lita 20, leo 28, nane zimekwenda wapi?” Nahodha hana la kujibu, maneno huwa makali, na shauri hufika kwetu likiwa na tuhuma ya wizi lakini halina ushahidi. Huenda nahodha ameiba. Huenda pia alibeba watu watano zaidi, alikabili upepo, rafadha imepinda, chujio limeziba, au kitako kimeota ukoga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila safari: tarehe, saa za injini, kilomita, idadi ya watu na mzigo, hali ya upepo, lita zilizojazwa, na saini za wote wawili. Matumizi yakipanda polepole wiki hadi wiki, mwiteni fundi. Yakiruka ghafla siku ya maji matulivu na mzigo wa kawaida, ulizaneni kwa utulivu mkiwa na daftari mezani. Daftari humlinda mwenye mali dhidi ya mwizi, na humlinda mfanyakazi mwaminifu dhidi ya kusingiziwa.

Ombi langu ni kwamba kabla ya kiangazi kijacho kila boti ya Rubavu iwe na jedwali lake na daftari lake. Mkiwa mashakani majini, pigeni 112 mapema, mafuta yakiwa bado yapo, ili muweze kuelekeza pua ya chombo kwenye wimbi wakati mnasubiri. Tahadhari kabla ya hatari.