Mwalimu Asingoje Mkaguzi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakimbizi wa Mwakiro katika Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba



Siku hii ya leo ina asili yake. Tarehe 5 Oktoba 1966, huko Paris, mataifa yalipitisha Mapendekezo juu ya hali ya walimu, yaliyotayarishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Tangu mwaka 1994 siku hiyo inaadhimishwa duniani kote. Mapendekezo hayo yanataja haki za mwalimu: mshahara unaofaa, heshima, mafunzo. Lakini yanasema pia kwamba ualimu ni kazi ya ujuzi, na ujuzi huo hautunzwi ila kwa kujifunza bila kuacha. Mambo ya haki tunayasema kila mkutano, na ni vema tuyaseme. Leo ninaomba tulitazame hilo la pili, yaani sehemu iliyo mikononi mwetu.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumeshapita siku ya tatu zamani. Jembe tumepewa. Swali ni je, tunalinoa, au tunangoja mwenye shamba aje alinoe?

Sitaanza na makosa ya wengine. Nitaanza na la kwangu.

Nilipofika hapa nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu Bukavu, na diploma yangu ilibaki nyumbani ndani ya sanduku. Nilipangiwa darasa la sita, watoto zaidi ya themanini, vitabu vichache. Nilipoona kiasi cha prime tuliyopewa, nilisema moyoni: nitafundisha kwa kadiri ya prime. Nikaacha kuandika fishi za maandalizi. Niliingia darasani na chaki na kumbukumbu tu. Kulikuwa na sura moja ya hesabu, vipimo vya mashamba, ari na hekta, ambayo mimi mwenyewe sikuielewa vizuri tangu chuoni. Niliiruka. Niliwaambia watoto tutairudia, wala hatukuirudia.

Siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita swali la shamba lilikuwapo. Watoto walipotoka, msichana mmoja, mwenye akili kuliko wote, alinijia akasema kwa adabu: «Mwalimu, lile la hekta hatukulisoma.» Hakunilaumu. Aliniarifu tu, kama mtu anayearifu kwamba maji yamekwisha mtungini. Ndugu zangu, wakati ule niliona kwamba ile prime ndogo haikuniadhibu mimi wala haikumwadhibu aliyeipanga. Nilimpelekea mtoto wa mkimbizi mwenzangu deni lisilo lake.

Wakati wa likizo nilimtafuta jirani mmoja Mrundi, monitori wa kilimo, nikamwomba anifundishe. Hakunicheka. Alichukua kamba, tukapima mraba wa mita 10 kwa mita 10, akasema: hii ndiyo ari moja, mita za mraba 100. Ari 100 ndiyo hekta. Mwaka uliofuata nilitoa darasa zima nje na kamba. Shamba la urefu wa mita 120 na upana wa mita 75 lina mita za mraba 9,000, yaani ari 90, au sehemu tisa katika kumi za hekta. Hata watoto wa nyuma kabisa walilijua, kwa sababu walikuwa wameitembea ari kwa miguu yao. Somo nililoliogopa likawa somo langu bora. Na hakuna semina iliyonipa hilo. Nilikwenda kuuliza, basi.

Kutokana na hayo ninapenda kuwashauri mambo manne. Ninasema na walimu, lakini muuguzi wa dispensari, seremala, fundi cherehani na karani wa ghala wasikilize pia.

Kwanza, ujue kazi unayodaiwa. Wengi wetu hatujasoma hata mara moja karatasi inayoeleza wajibu wetu. Mwombe direkta au mkuu wako akuonyeshe. Kila jioni andika katika daftari mistari mitatu: nilifanya nini, kipi kilifaulu, kipi kilishindikana. Daftari hilo ndilo mkaguzi wa kwanza, na halidanganyi. Inspekta anaweza kuja mara moja kwa mwaka, lakini daftari liko nawe kila siku.

Pili, mwombe mwenzako akutazame ukifanya kazi. Hili ni gumu, maana hatupendi kuonekana wadhaifu. Mimi nilimwomba mama mwalimu wa darasa la kwanza akae nyuma ya darasa langu saa moja. Baadaye akaniambia: «Mwalimu mwenzangu, samahani, wewe unasema na mabenchi mawili ya mbele. Wa nyuma wanacheza.» Niliona aibu siku mbili. Siku ya tatu nilianza kufundisha nikitembea. Mimi nami nilikaa darasani kwake, nikajifunza namna ya kunyamazisha watoto kwa wimbo badala ya fimbo.

Tatu, tunza karatasi zako. Mwenzetu mmoja alifanya kazi miaka mitano na shirika fulani. Mradi ulipomalizika wageni walirudi kwao, yeye akabaki hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba alifanya kazi. Alipoomba kazi mahali pengine aliulizwa: ushahidi uko wapi? Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka omba atestasyo yenye tarehe, kazi uliyofanya, sahihi na muhuri. Omba na baada ya kila mafunzo, hata ya siku mbili. Piga nakala, funga ndani ya plastiki, na nakala moja mpe mtu unayemwamini anayekaa nyumba nyingine, maana shitingi inavuja na moto hauchagui. Mwaka 2025 maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi wakikimbia vita, na ndani yao wamo walimu walioacha kila kitu nyuma. Tuliotangulia kufika tunajua shida ya kujieleza bila karatasi.

Hapa niwaombe wakuu wa mashirika jambo moja. Atestasyo haiwagharimu kitu, na kwa mkimbizi ni kama ng'ombe zizini. Msingoje tuwaombe mara nne.

Nne, usiache kusoma. Wengine husema kambini hakuna pa kusomea. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, hakupata chuo kikuu. Alikuwa karani, kwanza wa forodha huko Pangani, na huku akifanya kazi ya ofisi aliendelea kusoma na kuandika. Alipofariki mwaka 1962 aliacha vitabu ambavyo sasa vinasomwa vyuoni. Na kama mtasema huyo alikuwa nchini kwake, watazameni wakimbizi wenzetu wa Dadaab, Kenya. Kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, viliungana kuwasomesha walimu wa kambini, na baadhi yao wamepata digrii wakiwa bado wakimbizi. Upo pia msaada wa masomo wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na HCR na Serikali ya Ujerumani kwa vijana wakimbizi wanaotaka kuingia chuo kikuu. Nafasi ni chache, na hupewa aliye tayari. Ukisikia tangazo leo ndipo uanze kutafuta diploma na kujifunza Kifaransa, umechelewa. Na Kirundi pia tujifunze. Tunaoishi nao ndio hao, na yule monitori wa kilimo alinifundisha zaidi siku nilipoweza kumsalimia vizuri kwa lugha yake.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba prime inatosha. Haitoshi, na wanaohusika wapo hapa, wamesikia. Mwalimu mwenye njaa hafundishi vizuri, na walimu kadhaa wazuri wametuacha kwenda kulima au kuchuuza kwa sababu hiyo. Kamati iendelee kulisema jambo hili bila kuchoka. Lakini mambo haya mawili yasipigane. Mwenye daftari lililojaa na darasa linalofaulu, akisimama kudai haki yake, hupewa sikio. Mwenye daftari tupu huulizwa kwanza juu ya daftari.

Hatujui siku ya kurudi, wala hatujui nani atapelekwa nchi ya mbali na nani atabaki. Shitingi hatutaibeba, wala benchi, wala ubao. Kazi tunayoijua vizuri tutakwenda nayo popote, na hakuna mpaka utakaotunyang'anya.

Yule msichana alirudia darasa la sita, na mara hii alifaulu. Leo yuko sekondari. Siku moja alinikuta njiani akaniuliza kama bado ninatoa watoto nje na kamba. Nikamjibu, ndiyo, bado.