Mwalimu Kilimani: Michael Shaara na Riwaya ya Vita



Wengi wetu humu tuna mswada wa vita uliolala kabatini: wa Maji Maji, wa Kagera, wa babu aliyepelekwa Burma. Kwa hiyo nimemleta mtu mmoja tu, Michael Shaara wa Marekani. Riwaya yake moja imenifundisha kazi hii kuliko vitabu vyangu vyote vya nadharia.

Alizaliwa Jersey City mwaka 1928, mtoto wa mhamiaji wa Kiitaliano. Akawa askari wa miavuli, bondia, polisi, mwandishi wa hadithi fupi za kisayansi, kisha mwalimu wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida. Mwaka 1965, akiwa na miaka 36, alipatwa na mshtuko wa moyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 alitembelea Gettysburg, Pennsylvania, pamoja na familia yake, na mahali pale pakamshika. Ndipo majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipopigana, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu tarehe 1 hadi 3 Julai 1863.

Alisoma barua na kumbukumbu za wapiganaji, akaandika kwa miaka. Wachapishaji zaidi ya 10 waliukataa mswada. The Killer Angels ilitoka mwaka 1974, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer.

Sasa tupande naye kilima cha Little Round Top, siku ya pili ya mapigano. Kanali Joshua Chamberlain, mwalimu wa chuo aliyeacha darasa akaenda vitani, analinda ncha ya kushoto kabisa ya jeshi la Kaskazini. Akirudi nyuma, adui atazunguka mgongoni mwa jeshi zima. Shaara hatupandishi angani tuuone uwanja wote. Tunaona miti, moshi, na mstari wa askari unaozidi kupungua. Nafasi inabaki wazi katika mstari huo. Kanali anamtuma mdogo wake wa tumbo moja, Tom, aende kuiziba. Risasi zinakwisha. Anaamuru singe zichomekwe, wateremke mbio kumkabili adui, nao wanashinda. Lakini jioni kinachomla moyo ni kwamba alimtumia mdogo wake kuziba pengo. Hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi ambayo mwanahistoria hakuweza kuifanya.

Kuna jambo ninalomlaumu, nalo ni zito. Vita vile vilizaliwa na utumwa, lakini Mwafrika anapewa tukio moja tu, mtoro aliyejeruhiwa, asiyepata hata nafasi ya kusema la maana. Majenerali wana kurasa tele za kuwaza. Sisi tunaoandika habari za Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu tusiwafanyie hivyo wapagazi wetu. Waliobeba mizigo ile walikuwa na macho, na waliona mengi.

Shaara alifariki mwaka 1988 bila kuona kitabu chake kikigombaniwa na wasomaji. Filamu ya Gettysburg ya mwaka 1993 ndiyo iliyokipandisha, na mwanawe Jeff akaendeleza simulizi hiyo kwa riwaya zake mwenyewe.

Baada ya chai nitagawa ramani ya kile kilima. Kila mmoja achague askari mmoja, asiwe jenerali, aandike ukurasa mmoja wa yale tu anayoyaona na kuyasikia kutoka pale alipolala.